Fremu 300 za YouTube, fremu 120 za nyumbani: kadi ya daraja la kati inaweza nini hasa?

Kijana ananunua kadi ya picha Mlandege, mjini Unguja, baada ya kuangalia video inayoonesha kadi ile ile ikiendesha gemu ya Counter-Strike 2 kwa fremu 300 kwa sekunde. Anaifunga, anawasha gemu, anaona 120, na bomu la moshi likirushwa namba inaporomoka hadi 70. Jioni barazani yanazuka maneno. Mmoja anasema kadi ni feki, mwengine anasema umeme wa mtaani ni mdogo, wa tatu anasema kadi za kampuni ya AMD hazifai, bora angechukua za Nvidia. Muuzaji naye akiulizwa anajibu kwa kutaja GB za kumbukumbu ya kadi tu.

Inawezekana wote hawajagusa penyewe. Kadi inaweza kuwa halisi na nzima, na kazi yake ikawa inaifanya kwa nusu ya nguvu tu kwa sababu hakuna anayeipa zaidi. Namba 300 haikutoka kwenye kadi peke yake, ilitoka kwenye kompyuta nzima iliyotumika katika video, na sehemu iliyobeba mzigo mkubwa huenda haikutajwa hata kwenye kichwa cha habari.

Tuanze na maana za maneno yenyewe. Kadi ya picha, ambayo wengi huiita GPU kwa jina la chipu yake, ndiyo inayochora unachokiona kwenye skrini. Gemu si filamu iliyokwisha kurekodiwa. Kila picha huchorwa hapo hapo kufuata uliposimama na unapoelekeza bunduki. Picha moja ni fremu, na FPS ni idadi ya fremu zinazochorwa kwa sekunde. Ukiwa na fremu 60, kila moja imechukua milisekunde 16.7. Ukiwa na 144 ni milisekunde 6.9, na ukiwa na 240 ni 4.2. Zikumbuke hizi milisekunde, maana ndizo zinazoonesha faida ilipo. Kutoka 60 hadi 144 unaokoa karibu milisekunde 10 kwa kila fremu. Kutoka 144 hadi 240 huokoi hata 3, ijapokuwa kwa macho namba imepanda vizuri tu.

Kadi ya daraja la kati ni ipi? Kwa Nvidia, tazama zile zinazoishia na 60: RTX 3060 ya mwaka 2021, RTX 4060 ya 2023, RTX 5060 ya 2025. Kwa AMD ni RX 6600 ya 2021 na RX 7600 ya 2023. RTX 4060 ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 299, na RX 7600 dola 269. Bei ya Unguja au Chake Chake ni habari nyengine, kwani hapo kuna usafiri, ushuru na faida ya kila mkono ambao kadi imepitia. Chini yake zipo kadi kama GTX 1650. Juu yake zipo zile ambazo moja tu ni ghali kuliko kompyuta nzima ya mtu wa kawaida.

Gemu za kushutiana za ushindani, Counter-Strike 2 na Valorant khasa, zimetengenezwa makusudi ziwe nyepesi kwa kadi, maana mwenye gemu anataka kila mtu duniani aweze kucheza. Valorant ilipotoka mwaka 2020, kampuni ya Riot ilitaja GeForce GT 730, kadi dhaifu ya mwaka 2014, kuwa inatosha kwa fremu 60, na GTX 1050 Ti kwa fremu 144. Zote mbili ziko chini ya daraja la kati la leo. Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023, ni nzito zaidi, lakini hata hiyo, kwa mipangilio ya chini na ukubwa wa skrini wa 1080p (nukta 1920 kwa 1080), RTX 3060 iliyokaa na prosesa, yaani chipu inayopiga hesabu za kompyuta, iliyo nzuri na ya kisasa hupita fremu 200 kwa wastani. Anayeuliza kama kadi ya daraja la kati inatosha, jibu ni ndiyo, na inabaki.

Basi zile 120 zimetoka wapi?

Fikiria fundi anayejenga ukuta na kibarua anayemkorogea udongo na kumletea matofali. Fundi akiwa hodari kiasi gani, ukuta utapanda kwa kasi ya karai zinazomfikia. Ukimfukuza ukamleta fundi hodari zaidi, naye atakaa juu ya jukwaa akisubiri karai. Kwenye kompyuta, kibarua ni prosesa. Kabla kadi haijachora fremu moja, prosesa imeshapiga hesabu za wachezaji kumi wako wapi, risasi imepita wapi, sauti ya nyayo itoke upande gani, seva imeleta ujumbe gani, kisha ikaiagiza kadi nini cha kuchora. Katika gemu nzito za hadithi, zenye majani, maji na vivuli, fundi ndiye anayechelewa. Katika gemu za ushindani zilizoshushwa mipangilio, anayechelewa mara nyingi ni kibarua.

Ndiyo maana video zinachanganya watu. Mtu anayepima kadi kwa kazi yake huiweka makusudi pamoja na prosesa ya kasi kuliko zote, ili kadi isizuiwe na kitu chengine. Wengi hutumia prosesa za AMD zenye X3D kwenye jina, kama Ryzen 7 5800X3D ya 2022, ambayo ina MB 96 za akiba ya ndani, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, pale ambapo ndugu yake wa kawaida, 5800X, ana 32. Gemu hizi zinapenda sana akiba hiyo. Mpimaji hakudanganya. Alikuwa anajibu swali la wanaolinganisha kadi na kadi, na mtazamaji akalichukua jibu hilo kama ahadi ya kompyuta yake yenye prosesa ya Intel i5 ya miaka kumi iliyopita.

Kujua nani anakukwamisha hakuhitaji fundi wala programu ya kulipia. Simama sehemu moja ndani ya gemu, andika fremu unazoziona. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, simama pale pale, tazama tena. Umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya nukta za kuchora. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki vile vile, kadi ilikuwa inasubiri, na hata ukinunua RTX 4090, kadi ya bei kubwa ya daraja la juu, zitabaki vile vile.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wauzaji wengi hulipuuza: ramu, kumbukumbu ya kazi ya prosesa. Kompyuta nyingi huuzwa na kijiti kimoja cha GB 8 au 16. Prosesa hizi zimeundwa kusoma vijiti viwili kwa pamoja, na kikiwa kimoja njia ya data inakuwa nusu. Vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, na katika gemu hizi tofauti inaonekana wazi, khasa pale mambo yanapochemka. Kijiti cha pili ni fedha kidogo ukilinganisha na kadi mpya. Ningeanza hapo kabla ya kitu chengine chochote.

Nimesema mambo yanapochemka kwa sababu wastani unaficha mengi. Gemu inaweza kukuonesha wastani wa 180 na bado ikakuudhi, maana katika ile sekunde ya mapambano, watu watano wameingia, moto unawaka, moshi umetanda, fremu zinashuka hadi 60. Moshi wa Counter-Strike 2 una ujazo wake, unapasuka risasi ikipita ndani, kwa hivyo unaila kadi pia, si prosesa peke yake. Wapimaji makini huweka namba ya pili pembeni ya wastani, inayoonesha zile asilimia 1 ya fremu mbaya kuliko zote. Ukiangalia video, acha namba kubwa, tafuta hiyo. Mimi ningechukua 140 zisizotikisika kuliko 250 zinazoanguka kila moshi ukirushwa.

Skrini nayo ina yake. Wapo wanaoapa kwamba jicho la binadamu halioni zaidi ya fremu 30, wengine wanasema 60. Si kweli. Mtu yeyote akizungusha mauzi kwenye skrini ya Hz 60 kisha ya Hz 144 anaona tofauti papo hapo. Hz ni mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde. Kadi ikitoa fremu 200 na skrini ni ya Hz 60, unaona picha 60 tu, ingawa kila moja ni mbichi zaidi, kwa hivyo mkono unahisi wepesi kidogo. Lakini faida nzima utaipata ukibadilisha skrini. Aliyekuwa na RTX 3060 na skrini ya Hz 60 hana haja ya kadi mpya, ana haja ya skrini ya 144.

Na hata mwenye skrini hiyo, mara nyingi Windows inaiacha kwenye 60 mpaka mtu aingie kwenye mipangilio na kuibadilisha kwa mkono. Zaidi ya hapo, kuna wanaochomeka waya wa HDMI kwenye tundu la madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, badala ya tundu la kadi. Kadi ya dola 300 inakaa ndani haifanyi chochote, gemu mara nyingi inaendeshwa na sehemu dhaifu ya picha iliyomo ndani ya prosesa. Linachekesha mpaka likukute.

Tukirudi kwenye milisekunde, sisi wa visiwani tuna hesabu moja ambayo video za Ulaya na Marekani hazina sababu ya kuigusa. Pingi ni muda ambao ujumbe kutoka kwenye kompyuta yako unachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Mwanga ndani ya waya wa fiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Unguja hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 2,500. Kwenda na kurudi, hata waya ungenyooka kama rula, ni milisekunde 25. Dubai iko kama kilomita 3,900, ambayo ni milisekunde 39. Frankfurt ni kama kilomita 6,900, ambayo ni 69. Na waya haunyooki. Data ya Unguja inavuka bahari hadi Dar es Salaam, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama Seacom au EASSy, inafuata mwambao, inapita mitambo kadhaa, ndipo ifike. Pingi halisi itakuwa juu ya namba hizo, wakati mwengine mara mbili yake.

Sasa weka pembeni faida ya kutoka fremu 144 hadi 240: chini ya milisekunde 3. Tofauti kati ya seva ya Johannesburg na ya Frankfurt haishuki chini ya 40. Hakuna kadi inayouzwa popote itakayokurudishia hizo. Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg na Dubai, na kwenye mipangilio yake unaweza kuweka kikomo cha pingi unachokubali. Ukikiacha juu, siku yenye watu wachache itakutupa mbali, halafu utailaumu kompyuta. Mei 2024, Seacom na EASSy zilipokatika pamoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ilihisi. Siku kama hizo mwenye kadi ya milioni na mwenye kadi ya laki wako sawa.

Ndani ya nyumba pia kuna cha kufanya. Wanaoishi Mji Mkongwe wanazijua kuta za mawe na chokaa zilivyo nene, na mawimbi ya Wi-Fi hayazipendi. Pingi inakuwa 50, mara 140, mara 60, na kuyumba huko kunaumiza kuliko pingi kubwa iliyotulia. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, hata ukipita juu ya mlango kwa misumari, unamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Gemu yenyewe inaweza kukuonesha fremu, pingi na ujumbe uliopotea kwa pamoja. Fremu zikiwa zimetulia na pingi inaruka, kadi haihusiki. Pingi ikitulia na fremu zinaanguka, mtandao hauhusiki. Wengi wanaziita zote mbili kwa jina moja, gemu inaganda, na hapo ndipo fedha zinapotupwa upande usio wake.

Joto ni la kweli pia, ingawa si kubwa kama linavyosemwa. Vipimo vingi hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 20 na kidogo. Chumba cha Amaani au Wete wakati wa kaskazi kinaweza kuwa na 32, na kadi inapanda takriban kwa kiasi hicho hicho. Iliyopimwa kwenye 68 kule, hapa itakuwa karibu na 80. Kadi nyingi za Nvidia huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 83. Kwa hivyo kadi yenye feni mbili na sanduku linalopitisha upepo vina maana zaidi kwetu. Vumbi litolewe kwa brashi kavu, na kompyuta isikae chini ya dirisha linaloelekea baharini, maana upepo wa chumvi unakula shaba na skrubu za kompyuta kama unavyokula mabati.

Kuhusu umeme, habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. RTX 4060 inakula wati 115. RX 580 ya mwaka 2017, ambayo bado inauzwa sana kwa mkono wa pili, inakula 185 na ni dhaifu kuliko hiyo. Kompyuta nzima yenye RTX 4060 na skrini yake, ikicheza gemu hizi, ukikadiria wati 250 hutakuwa mbali, yaani uniti moja ya umeme wa Tukuza kwa saa nne. Kinachoiua kompyuta ni umeme kushuka na kurudi kwa kishindo, khasa nyumba zilizo mbali na transfoma. UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, na pawasaplai yenye jina, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme ndani, ni matumizi yenye akili kuliko kupanda daraja moja la kadi.

Limebaki soko. Kompyuta nyingi zinazouzwa visiwani kama za gemu ni mashine za ofisi za mkono wa pili, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zilizoingizwa kwa wingi na kuongezwa kadi na taa za rangi. Si mashine mbaya, ila zina mipaka ambayo muuzaji haitaji. Zile nyembamba zina pawasaplai ndogo, nyingi kati ya wati 180 na 260, zisizo na waya wa kulishia kadi, na plagi yake si ya kawaida, kwa hivyo huwezi kuchukua nyengine dukani ukabadilisha. Tundu la kadi lenyewe linatoa wati 75 basi. RTX 4060 hairuki hapo. Kinachoingia ni kadi fupi kama GTX 1650 ya umbo dogo au RTX 3050 ya GB 6, na kwa Valorant hizo zinakidhi. Mwenye kutaka kadi ya daraja la kati atafute sanduku refu la kawaida tangu mwanzo. Jengine: Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, chipu ya usalama na ukaguzi wa programu wakati kompyuta inawaka. Mashine kongwe iliyolazimishiwa Windows 11 itafunguka vizuri, itapiga muziki, gemu itaikataa.

Halafu hizo GB. Kumbukumbu ya kadi ni nafasi ya kuweka picha zinazosubiri kuchorwa, haina uhusiano wa moja kwa moja na kasi. RTX 3060 maarufu ina GB 12, RTX 4060 ina 8, na katika gemu nyingi 4060 ndiyo inayotangulia. GT 730 inauzwa na GB 4, sawa na GTX 1050 Ti, na hazikaribiani hata kidogo. Akikwambia "hii ni ya GB 4" bila jina la chipu, hajakwambia kitu. Vivyo hivyo kwa laptopu: RTX 4060 ya laptopu imebeba jina la ndugu yake tu, na watengenezaji huipa wati tofauti tofauti, hivyo mbili zenye stika moja zinaweza kupishana sana.

Kadi feki zipo, ingawa ni chache kuliko zinavyosingiziwa. Ni chipu za zamani zilizoandikiwa jina jipya, GTS 450 ikajitambulisha kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi kabla ya kutoka nyumbani. Dukani omba kadi iendeshwe gemu kwa dakika ishirini mfuniko ukiwa umefungwa, maana kadi iliyochoka huanza kupoteza kasi au kuzimika ikishapata moto, na dakika mbili za kuonesha taa hazitoshi kuipasha.